Viatu vya sanduku la kaka Salim

Jamani, leo nimelia dukani kama mtoto.

Mjukuu wangu kaanza kucheza hoki ya barafu Maskati. Mama akanipa ufunguo wa sanduku la marehemu kaka Salim, aliyefia masomoni Kanada miaka ya themanini. Tangu lilipoletwa Ibra halijafunguliwa.

Ndani nimekuta viatu vya kutelezea barafuni. Vipya. Vidogo, nikashangaa.

Vyuma vya chini vimeliwa na kutu, nikavipeleka vibadilishwe. Nikamtajia muuzaji namba ya kiatu, kwa ujuaji wangu.

"La, khala," akasema. "Chuma hakifuati mguu. Kinafuata urefu wa kishikio chake hapa chini."

Akakipindua kiatu akipime.

Ukadondoka uzi mwekundu wenye fundo.

Wallahi, niliuokota nikalia palepale.

Zamani ukitaka kiatu cha nje, mama anakupima wayo kwa uzi, anaukata, anautuma kwa msafiri. Kila mtoto na rangi yake; uzi mwekundu ulikuwa wangu. Nilimwomba kaka viatu, nikangoja, nikaamini kanisahau.

Chuma cha saizi yake kimepatikana. Mjukuu kavaa, vimemkaa barabara.

Miaka yote hii vilikuwa chini ya kitanda cha Mama.

Yeye hajui kama vilikuwa vyangu. Nyie mngemwambia?