Nilivyohesabu Mizunguko ya Mkwe Wangu

Mwaka 2023, msimu wa baridi, nikiwa na miaka sitini na mmoja, niliteuliwa kuhesabu mizunguko ya gari namba tisa katika mashindano ya magari Makambako. Mimi niliyemaliza shule ukubwani nilijivuna sana. Kumbe dereva ni mkwe wangu Festo, na kwetu mama mkwe hamtazami mkwewe. Kila alipopita niligeuka, nikajifunika kitenge, nikahesabu kwa mlio wa injini. Nilimpunguzia mizunguko miwili, akakosa kombe, akakata rufaa.

Jumatatu, tarehe 17 Julai, kamati ilitazama video.

“Mama, huko nyuma unamtafuta nani?” mwenyekiti aliuliza.

Festo alicheka. “Ananiheshimu, mzee.”

“Basi apewe kombe,” mwenyekiti akaamua, “na mama apangiwe gari la mtu baki.”