Siku Baba Alipouomba Mti Radhi

Mwezi uliopita kazi ilinitoa Riyadh ikanipeleka Jeddah, na nilipoimaliza nikakodi gari nikapanda milima ya Taif kwenda kuitazama ile miti. Utasema ni ujinga kuhangaikia miti. Labda, lakini nisikilize kwanza.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa Hindawiyah, mtaa wa Jeddah, chumba na sebule, dirisha likitazama ukuta. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi. Bibi, mama yake, alikimbia naye kutoka Unguja, baba akiwa mdogo, na alichokikumbuka baba huko ni msitu uliokuwa nyuma ya nyumba yao. Basi kila shule zilipofungwa aliazima gari la kafili, mwajiri wake, akatupakia mimi, mama na bibi. Bibi alifunga vitumbua kitambaani na kutia chai ya iliki kwenye chupa, na kila mwaka nyani walitupora nusu. "Sadaka," alisema bibi, huku akiwavurumishia kiatu.

Huko juu ipo miti mikongwe ambayo Waarabu huiita arari. Mashina yake yamejipinda na gome lake huchunika kama makumbi. Harufu yake kali ilibaki kwenye nguo zetu mpaka tukirudi mjini. Ukungu uliposhuka, baba alifumba macho akavuta pumzi. "Kwetu kunanukia hivi hivi," alisema. Bibi alijua hakunukii hivyo, ila hakumsahihisha.

Mwaka wa mwisho baba alifanya jambo lililonichekesha. Aliweka kiganja kwenye shina la mti mkubwa kuliko yote, akausemesha kwa adabu kama jirani mlangoni: "Tumekaa vyema. Kama nimekukosea, nipe radhi." Nilicheka hadi chai ikanipalia. Mama alinifinya. Nikamtazama bibi, nikamwona anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kwetu mtu huwaomba majirani radhi namna ile anapohama, nami sikujua kuwa kafili alikwisha kumwambia baba, "Halas, mzee, basi," na kwamba ikama yake, kibali cha kuishi nchini, haitafanywa upya.

Baada ya muda mfupi baba na bibi walirudi Unguja. Mimi na mama tulibaki kwa mjomba ili nimalize shule, na hatukuwahi tena kukaa nyumba moja sote. Ah, laiti ningalijua, ningaliacha kucheka.

Katika simu ya kwanza nilimwuliza baba kuhusu msitu wake. "Umekatwa, mwanangu. Wamejenga nyumba tu." Kisha akauliza, "Na ile ya mlimani je?"

"Ipo, baba."

Tangu hapo kila alipopiga aliniuliza swali hilo, kabla hata ya kuuliza afya yangu, mpaka alipofariki.

Safari hii niliikuta miti mingi imekauka kuanzia kileleni. Ule mkubwa umekuwa wa kijivu kitupu; nilinusa gome lake, sikupata kitu. Nikakaa chini nikalia, na, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba baba hayupo wa kuniuliza.