Jua Limepinduka

Fundi wa mapaa waliyembandika jina la Kifaru alikuwa na mkono mwepesi kuliko ulimi. Mafundi wake wote walikuwa wamekwisha kuuonja, na aliyenuna aliongezewa. Kazi aliirithi kwa babake, pamoja na sheria moja tu: jua likiwa utosini, shuka; kivuli kikianza kulala, panda.

Mchana mmoja wa kiangazi alimkuta shemeji yake, mmoja wa mafundi hao, bado amekaa chini ya ngazi. Shemeji huyu, mwanamume mzima mwenye ndevu, mke wa Kifaru ndiye dada yake aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Asubuhi hiyo dada mtu alikuwa amemsihi Kifaru amwangalie nduguye, maana aliamka na homa.

"Jua limepinduka. Panda."

"Subiri kidogo, shemeji. Jua linashuka, ila mabati na ardhi bado vinapokea joto jingi kuliko vinalotoa. Sasa ndiyo kunazidi kuchoma, mpaka alasiri. Hata mwaka uko hivyohivyo: siku ndefu zimeshapita, na joto ndiyo kwanza linakuja."

"Umekuwa mwalimu?"

Kofi likatua kabla hajajibu. La pili likampasua mdomo. Shemeji akapanda huku anatema damu, Kifaru nyuma yake.

Huko juu bati lilichoma nyayo hadi ndani ya viatu. Shemeji akakosa msumari, akakiponda kidole chake mwenyewe, wala hakupiga kelele. Jasho lilikuwa limemkauka. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo, lakini Kifaru alikuwa na hasira, si akili. Shemeji akamwita Kifaru "mama", akayumba, akaanguka kifudifudi. Shavu likaungua juu ya bati.

"Inuka! Maigizo kamfanyie dada yako!"

Akamshindilia teke la mbavu kwa nguvu zake zote. Shemeji hata hakujikunja.

Ndipo woga ukamwingia. Akambeba begani, akamshusha, akawatukana mafundi waliokuwa wakimmwagia maji. Hospitalini daktari alisema wamechelewa, joto limeshammaliza.

"Jua limemuua," Kifaru alimwambia mkewe alipofika mbio. Mafundi nao alikuwa ameshawafunza kusema hivyohivyo.

Mkewe hakulia. Alilowesha kitambaa, akampangusa nduguye damu mdomoni, kisha akamfungua shati ampanguse kifua. Mbavuni palikuwa pamevimba alama ya soli, mistari yake yote ikionekana. Akatazama viatu vya mumewe, halafu uso wake.

"Na hili nalo," akauliza, "ni jua?"