Swali la Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na tisa, aliyeinua simu mjini Bungoma na kuomba aunganishwe na Kitale, Eldoret au Nairobi alimsikia kwanza Sellah Naliaka. "Subiri, nakutafutia," ndivyo alivyosema, mamia ya mara kwa siku. Alizijua sauti za mji mzima. Mtu aliyefiwa, Sellah alimtambua kwa jinsi mtu huyo alivyovuta pumzi kabla ya kutaja namba.

Kisha ikaja mitambo mipya, kila mtu akaweza kupiga namba mwenyewe. Sellah na wenzake wanne wakapewa barua za kuwaaga. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alihamia Kitale kwa dada yake Pauline, mtaa wa Tuwan, akaanza kuuza nguo za mitumba. Simu za mkononi zilipoenea, hakununua.

"Hicho kidude ndicho kilichokula kazi yangu," alimwambia Pauline. "Sikitaki."

Mwaka wa 2004, kituo cha taifa cha kutafiti teknolojia ya habari na mawasiliano, ambacho makao yake yalikuwa Nairobi, kilifungua ofisi ndogo Kitale. Kilitaka kujua watu wa mashambani wanapataje habari, ili serikali iamue huduma zipelekwe wapi. Walitafutwa watu wa kuzunguka na fomu, wanaojua Kiswahili na lugha za huku. Pauline aliona tangazo kanisani, akamsukuma dada yake mpaka akaenda.

Mkuu wa ofisi alikuwa Daktari Mukhisa, mzaliwa wa Bungoma aliyelelewa Nairobi, mtu mpole aliyependa karatasi zake zikae zimenyooka. Alimuuliza, "Umewahi kufanya kazi ya mawasiliano, mama?"

"Daktari, mimi nilikuwa mawasiliano yenyewe," Sellah alijibu. Akapata kazi.

Fomu ilikuwa na maswali thelathini. La kumi na nne liliuliza: "Je, una simu?" Aliyesema hapana alirushwa hadi swali la ishirini na tano, na mazungumzo yakaisha mara moja. Kule Kachibora, eneo alilopewa Sellah, wanawake karibu wote walisema hapana. Sellah alimaliza fomu ishirini kwa siku, akasifiwa ofisini.

Siku ya tatu alimhoji mkulima mmoja aitwaye Chelimo. Simu? Hapana. Sellah alikuwa anakunja karatasi zake Chelimo aliposimama na kujifunga kitambaa kichwani.

"Nisamehe dada, nakimbia. Kijana yangu anapiga saa nane."

"Anapiga wapi, na huna simu?"

"Si kwa Linah! Twende uone."

Linah alikuwa fundi wa nguo sokoni, mjane mwenye simu moja iliyofungwa kwa kamba kwenye cherehani. Saa nane na dakika chache ikalia. Chelimo akazungumza na mwanawe, akacheka, akafuta machozi, akaenda zake. Haikupita muda ikalia tena. Safari hii mtu alikuwa anamtafuta mwenye duka la mbegu. Linah aliinua macho kutoka kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea:

"Subiri, nakutafutia."

Sellah aliweka fomu zake chini. Akakaa kwenye benchi la wateja. Kwa miaka mitano alikuwa ameamini kwamba kazi yake imekufa. Kumbe ilikuwa hapa, mikononi mwa mwanamke ambaye hakuwahi kuajiriwa na yeyote kuifanya.

Kuanzia siku hiyo alianza kuandika pembeni mwa fomu: hana simu, hupata habari kwa Linah; hana simu, habari huletwa na mbeba maziwa. Daktari Mukhisa alimwita.

"Mama Sellah, haya ya pembeni kompyuta haisomi."

"Basi kompyuta itasema ati watu wa Kachibora hawafikiwi na simu. Na hiyo si ukweli, Daktari."

"Wenzako wameshajaza fomu mia tatu kule Cheptais. Nikibadilisha swali, zote zinaharibika."

"Zimeshaharibika. Ni vile hatujasema tu."

Mukhisa alianza kunyoosha karatasi zake, akiwa amekaza uso. Sellah alifikiri amefukuzwa. Alirundika fomu zake mezani, akasema, "Nipe siku moja ya soko. Ukae tu. Ukiona nimekosea, narudi kwa mitumba yangu."

Siku ya soko walikaa wawili kwenye benchi la Linah. Hadi saa sita simu ilikuwa imelia mara kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Linah mwenyewe. Mara ya kumi na mbili, Linah alisikiliza hadi mwisho, akakata simu. Alisimamisha cherehani, akanawa uso kwenye ndoo.

"Baba ya Kiptanui amefariki hospitalini," alisema. "Nyingine naweza kutuma mtu. Hii lazima niende mwenyewe."

Mukhisa alisimama. "Naweza kukusindikiza, mama?"

Walitembea kilomita mbili kwenye matope, Linah mbele. Alipofika mlangoni, alianza kwa kumshika mke wa marehemu mikono yote miwili.

Wakirudi, Mukhisa aliuliza, "Hilo swali, wewe ungeliulizaje?"

Sellah alikuwa nalo tayari. "Mara ya mwisho habari muhimu ilipokufikia kwa simu, ilikuwa simu ya nani, na nani alikuletea?"

Fomu za Cheptais zilirudiwa zote, miezi miwili ya mvua, na wahoji wenzake walimnunia Sellah kila asubuhi. Lakini majibu yalipohesabiwa, ilionekana kwamba mahali ambapo watu wawili tu kati ya kumi walikuwa na simu, wanane walifikiwa na habari za simu. Ripoti ilichapishwa Nairobi. Jina la Sellah lilikuwa ukurasa wa mwisho, nalo liliandikwa "Stella". Alicheka alipomwonyesha Pauline, ila kwa siku kadhaa hakutaka kuigusa ile ripoti.

Mradi ulipoisha, ofisi ya Kitale ilifungwa. Mwaka wa 2007 Mukhisa, ambaye sasa alisimamia utafiti mwingine, alimwita Bungoma awafundishe wahoji wapya. Katika ukumbi wa kanisa, msichana aitwaye Fridah aliinua mkono.

"Na mtu akisema hana simu, tuandike hapana?"

"Andika," Sellah alisema. "Halafu usiinuke. Omba maji ya kunywa, mzungumze kidogo."

Fridah aliinama, akaandika: omba maji.