Ndege Aliyedhulumiwa

Juzi sokoni Mtendeni mtoto wa muuza dagaa alikuwa akichezea kiberiti. Alikiweka karibu na sikio, akakitikisa harakaharaka, akanyamaza, akakitikisa tena. Mimi nilikuwa nachagua nyanya. Mkono wangu ukaganda hewani, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeinua uso kutazama mabati ya kibanda, natafuta ndege.

"Vipi mama, mvua?" muuza nyanya akaniuliza.

Nikamwambia hakuna mvua. Ningemweleza nini, na nyuma yangu watu wamepanga foleni? Ninyi mmekaa, basi nitawaeleza.

Kiberiti kikitikiswa hutoa sauti ileile ya ndege wa asali. Vitabuni nasikia huitwa mlembe. Ni kindege cha rangi ya vumbi, hakina uzuri wa kukufanya ukitazame mara mbili, lakini hujua kila mti wenye nyuki porini. Kwa kuwa hawezi kuufungua mwenyewe, hutafuta mtu. Humjia, humpigia kelele, huruka mti wa mbele, humngoja, huruka tena, mpaka wafike. Mtu hurina asali, kisha humwachia ndege sega lake juu ya jani. Baba yetu alikuwa mrina asali katika pori la nyuma ya kijiji chetu, upande wa Igalula, na alitufundisha kwamba sega lile si zawadi, ni haki. "Ukimdhulumu ndege wa asali," alikuwa akisema, "siku nyingine atakupeleka kwa nyoka." Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anavyokwambia kwamba moto unaunguza.

Baba alifariki, na mama hakukaa sana akamfuata. Mimi, Nyamizi, ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa darasa la tano. Sare yangu ya shule niliifumua nikaishona upya, ikawa gauni la mdogo wetu Kalunde, ambaye bado alikuwa na meno yake ya utoto. Kati yetu alikuwepo Maganga, mvulana mwenye njaa isiyo na likizo. Tulibaki watatu katika nyumba ya baba. Tulilima kipande chetu cha mihogo na karanga, na ndege akituita, mimi na Maganga tulichukua shoka la baba tukamfuata.

Siku moja tulirina asali nzuri kwenye mninga uliooza ndani. Nikaweka sega la ndege juu ya jani, nikainama kufunga ndoo. Nilipogeuka, jani lilikuwa tupu na kidevu cha Maganga kinang'aa.

"Maganga! Umekula haki ya ndege?"

"Dada, ndege mwenyewe ana tumbo kama kidole. Sega lote lile la nini?"

"Rudisha!"

"Nirudishe vipi, na limeshafika?" Akajigonga tumbo.

Ningempiga, lakini nilishindwa kwa kicheko. Ndege alikuwa juu ya tawi, ametulia, anatutazama. Tukaondoka.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Baba Mkubwa, kaka yake baba, amekuja kutoka Nzega. Alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno. Tulimwamkia, akaitika marahaba kwa kila mmoja, akala, akanawa, ndipo akaniita karibu na moto.

"Nyamizi, wewe ni mtoto mwenye akili. Nyumba haikai na watoto watupu. Kalunde nitakwenda naye Nzega. Maganga atakwenda kwa mjomba wenu Igunga, kuna ng'ombe kule. Wewe nimekutafutia watu wazuri mjini, Ipuli, utawasaidia kazi za nyumbani."

"Baba Mkubwa, mimi nitawalea."

"Utawalea kwa nini? Kwa asali ya kuokota?"

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anasema kwa huruma, na huko ndiko kulikoniuma zaidi. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia neno moja tu lililosikika vizuri: "Msiachane." Sasa tulikuwa tunaachana kesho yake, asubuhi, na mimi nimekaa nachochea moto.

Asubuhi mfuko wa Baba Mkubwa ulikuwa mlangoni umefungwa. Kalunde hakuwepo.

Mwanzoni tulidhani yuko kwa jirani yetu Mama Tatu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe wa vijiji viwili. Hakuwepo. Tukaangalia ghalani, tukaangalia mtoni. Wanaume wakaleta upondo mrefu wakauzamisha kisimani, wakawa wanapapasa chini polepole. Upondo ulipotoka mtupu, Mama Tatu akakaa chini pale pale kwenye matope. Mimi sikukaa. Nilihisi nikikaa sitainuka tena.

Kijiji kizima kikaingia porini, kikundi huku, kikundi kule, wakiita jina lake. Jua likapita utosini. Sauti zikaanza kukauka. Nikawasikia wanaume wawili wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya fisi, wakaniona, wakakatiza, mmoja akaanza kukohoa kikohozi cha uongo.

Mimi na Maganga tulikuwa peke yetu. Sikuwa na sauti tena ya kuita, kwa hiyo nilitembea nikigonga miti kwa mgongo wa shoka, kila baada ya hatua kadhaa. Kwa nini nilibeba shoka kwenda kutafuta mtoto, sijui. Kwa nini niligonga, sikujua pia. Mkono ulikuwa unagonga tu.

Ndipo kiberiti kikatikiswa juu ya vichwa vyetu.

Maganga akanishika nguo. "Dada, huyo ndiye yule wa jana."

"Umemjuaje? Ndege wote wanafanana."

"Ananitazama mimi!"

Ndege akaruka mti wa mbele. Akangoja. Maganga akanivuta nyuma. "Nyamizi, atatupeleka kwa nyoka. Baba alisema. Twende kwa watu wengine, dada, nakuomba."

Nilijua nina deni kwa ndege yule na nilijua baba alisema nini. Tena mtoto amepotea, huu haukuwa wakati wa kufuata asali. Mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Lakini miguu yangu ilikwisha kuondoka. Sikusikia sauti, sikuona maono, wala sitawaongopea kwamba moyo uliniambia kitu. Moyo ulikuwa kimya kabisa. Nilimfuata tu.

Alitupeleka mpaka kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Ilikuwa imebaki kama mfereji mpana uliojaa majani. Watu wa kwetu hawakupenda kuikanyaga. Walisema wapagazi wengi walianguka pale na mizigo yao na hawakuzikwa. Ndiyo maana watafutaji wote waliishia ukingoni. Ndege hakujua habari za wapagazi. Akavuka, nasi tukavuka. Akatua kwenye mti mkubwa wa mtundu, akanyamaza.

Nyuki walikuwa wakivuma juu. Na chini, katikati ya mizizi miwili, amekaa Kalunde na gauni lake la sare yangu, ameweka mikono mapajani kama mtu aliyekuja ugenini.

Nilirusha mguu kukimbia.

"Dada, usimwamshe," akasema. "Amelala."

Mguu wangu ukabaki juu. Kati yangu na yeye, kwenye majani makavu, kulikuwa na nyoka, kifutu mnene kuliko mkono wangu, wa rangi ya majani yenyewe, kichwa chake kimeelekea kwangu. Hatua yangu ilikuwa inaelekea katikati ya mgongo wake.

Mpaka leo nikiwa nimesimama mahali penye utulivu, mwili huurudia ule ubaridi. Ulianzia kwenye unyayo.

"Kalunde," nikasema, na sikuitambua sauti yangu, "zunguka nyuma ya mti. Polepole. Usikimbie, mama."

Akainuka, akakung'uta gauni, akazunguka, akanijia. Nilimwinua nikarudi kinyumenyume. Maganga alikuwa amepiga magoti njiani, ameinua uso kwa ndege, analia kwa kwikwi: "Ni mimi niliyekula! Mimi peke yangu! Dada hakula, Kalunde hakula!" Ndege akapangusa mdomo kwenye tawi.

Nilitegemea vigelegele. Tulipotokea ukingoni mwa pori, mimi nimembeba Kalunde mgongoni, watu wakasimama. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Tatu, ambaye asubuhi alikuwa amekaa kwenye matope kwa ajili yetu, alikuja hatua mbili akasita.

"Alikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya njia ya wapagazi."

"Wewe umejuaje?"

"Ndege wa asali alinipeleka."

Maganga, ambaye kunyamaza hakumwezi, akaongeza: "Na nyoka alikuwepo, kama baba alivyosema!"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema, si kwa ukali, "Ajuaye kilipo ndiye aliyekiweka." Nikaelewa neno hilo lilikuwa linaelekea kwenye uchawi. Lakini Baba Mkubwa akapaza sauti, mara ya kwanza namsikia akipaza sauti. "Nyamizi alilala karibu nami usiku kucha, na alfajiri alikuwa anatwanga. Msimguse kwa maneno." Kisha akanitazama, nami nikaona kwamba hata yeye ananiogopa.

Hakula jioni ile. Asubuhi aliuchukua mfuko wake, akasimama mbali na mlango. "Mna waliotangulia nyuma yenu," akaniambia. "Mimi siwatenganishi." Akaondoka peke yake. Kila mavuno alitutumia gunia la mahindi kwa lori, lakini kizingiti chetu hakukivuka tena mpaka alipofariki. Na kijijini, miaka mingi, hakuna aliyethubutu kutunyang'anya shamba, wala hakuna aliyemruhusu mtoto wake kucheza na Kalunde.

Hivyo ndivyo tulivyobaki pamoja. Si kwa sababu mtu aliamini naweza. Waliogopa tu.

Nilipokuwa mtu mzima nimeshalea, nimeshahamia huku mjini, Ipuli ileile, kwa miguu yangu mwenyewe, nilianza kuifungua siku ile kidogokidogo. Ndege wa asali hurudi kwenye mti uleule kila siku, akiita mtu yeyote, mpaka mti ufunguliwe. Basi hakunipeleka kwa mtoto, alinipeleka kwenye asali. Na kule kugonga miti, baba ndivyo alivyokuwa akimwita ndege. Nilikuwa nimetembea nyuma yake tangu nikiwa wa kimo cha goti, mkono wangu ulijifunza bila kuniaga. Watu huita machale, lakini mimi naona ni mafunzo tuliyosahau nani alitupa. Nyoka ndiye aliyenishinda. Najua kifutu hupenda kulala kwenye majani, na majani yamejaa tele porini. Kwa nini pale, siku ile, baada ya sega lile, sina la kusema, nami sijifanyi ninalo.

Lililobaki lilikuwa moja: Kalunde alifikaje? Kila nilipomwuliza alisema hakumbuki. Mpaka mwaka jana, ana watoto wake sasa, amekuja kunitembelea, tumekaa uani tunamenya karanga, akasema bila mimi kumwuliza:

"Dada, mimi sikupotea siku ile."

"Ila?"

"Nilimsikia Baba Mkubwa akisema nitakwenda Nzega. Alfajiri ndege akaja uani. Baba si alikuwa akiondoka naye kila mara? Nikajua baba yuko pale ndege anapoishia. Nikamfuata nikamwambie baba aje amkataze kaka yake."

Karanga zilianguka kutoka mkononi mwangu. Sikuziokota.

"Na ulipofika, ukamkosa?"

"Nilidhani ametoka kidogo. Nikakaa, nikangoja." Akacheka, akafuta jicho kwa kiganja cha mkono wenye maganda. "Nilipowasikia mnakuja nilijua ni yeye. Kumbe wewe. Nikakuangalia pale, mguu juu, umekonda, midomo imepauka. Nikasema moyoni, basi, huyu naye atafaa."

Kijiji kizima kiliamini kwamba wafu walimwelekeza aliye hai, na kwa siri, kwa miaka, hata mimi niliamini nusu. Na kumbe aliyekwenda kuwatafuta wafu alikuwa mtoto mmoja tu, peke yake, asubuhi na mapema, ana shauri la maana. Nilimtazama mdogo wangu, mtu mzima na hina yake vidoleni. Miaka yote nilihesabu kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa na ndege, au na bahati, au na mama. Sikujua kwamba chini ya mti ule aliyeuliza kama nitafaa ni mtu aliyekaa, ameweka mikono mapajani, na kwamba jibu alilitoa yeye.