Jina Nililomnyima Aloo

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka, na sikuwa na homa.

Mama mkwe wangu, Aloo, alinifukuza kwake mvua ikinyesha, nikiwa na mimba kubwa. Usiku uleule nikajifungulia kwa jirani. Aloo akafa kabla ya kumwona mtoto. Mtoto akawa analia kutwa kucha, na wazee wakasema ni Aloo anadai jina lake. Kwetu marehemu hurudi hivyo, akitaka mtoto aitwe yeye. Nikakataa. Nikamwita Achieng, nikampeleka hospitali, kumbe ni sikio lilikuwa likimuuma. Sasa utaniambia nini?

Achieng alipofika darasa la tatu, mume wangu Ouma akatupeleka msitu wa Gwassi, juu ya Kisegi, tuuone mkuyu aliokuwa akiupanda utotoni. Niamini, mti ule watu sita wakishikana mikono hawauzunguki. Akamfunga mtoto kamba kiunoni, yeye akaishika chini, na mtoto akapanda mpaka matawi yanapogawanyika. Mimi nikabaki chini na chapati zangu, maana kwetu mke wa mtu hapandi mti.

Ndipo nikasikia sauti juu. "Aloo! Nyakwara, njoo kwa dani."

Mjukuu wangu, njoo kwa bibi. Nikainua macho. Kwenye ncha ya tawi jembamba ameketi mama mkwe, amevaa rinda lilelile la kijani tulilomzika nalo. Achieng wangu alikuwa anafungua kamba.

"Nakuja, dani."

Ouma akapiga magoti. "Mama Achieng, kubali! Sema tu anaitwa Aloo, mama atamwachilia!"

Atamwachilia, au ndiyo atamchukua kabisa? Nikavua viatu, nikajifunga leso.

"Wewe, mke wa mtu hapandi mti!" Ouma akaniwakia.

"Nizuie basi."

Nilipanda, hasira ikiizidi hofu. Nikamkamata mtoto mguu. "Huyu ni Achieng," nikamwambia yule mama. "Nilimzaa kwenye mvua uliyonifukuzia. Jina lako lipeleke kwingine."

Akanitazama, akacheka. "Bado una mdomo."

Kupepesa macho tu, tawi likawa tupu. Lilikuwa linayumba, na upepo haukuwepo.

Mpaka leo, hapa Migori, mvua ikianza kuna anayeita mlangoni: "Aloo!" Ouma hunisihi nikubali, tulale kwa amani. Amani gani hiyo? Wewe mwenye mtoto, sikia: jina ulilolikataa usilitamke kwa hofu. Siku utakayolitamka, mwanao ataitika, na hatakuwa wako tena.

Juzi ikanyesha, sauti ikaita. Kabla sijainuka, Achieng alikuwa ameshafika mlangoni.

"Hapa hakuna Aloo, dani," akasema. "Rudi ukalale."