Kitenge Kilichobweka

Juzi, katika ofisi moja hapa Nkuhungu, foleni nzima ilimpisha bibi aliyebeba mtoto mgongoni. Alipofika dirishani, mtoto akabweka.

“Kumbe mbwa!” alifoka bwana aliyekuwa wa kwanza. “Bibi, rudi nyuma!”

“Nani alisema mtoto? Mmeniamkia shikamoo, mkanisogeza mbele wenyewe.” Akampapasa masikio. “Nimemwokota mtaroni. Anaogopa kubaki nyumbani peke yake.” Akashusha sauti. “Hata mimi naogopa.”

Sisi huku mbwa tunamfuga alinde nyumba. Huyu hawezi kulinda hata sahani yake mwenyewe, lakini hakuna aliyedai tena nafasi. Bibi alipomaliza shida yake, yule bwana ndiye aliyemkazia kitenge.

“Taratibu, bibi,” alimwambia. “Mtoto asije akadondoka.”